Ukoo wa Mzee Mhina (Salamu, Harusi na Misiba Tu)

JUMATANO

[19:42] Dada Mwanaidi: Assalaam alaykum wana ukoo. Hospitali wamenipigia, Hamisi anaruhusiwa Jumamosi. Nataka majibu leo leo. Anafikia kwa nani, nani anamfuata Dar, na nani atasimamia dawa. Msinijibu inshallah halafu mkalala.

[19:43] Jumaa: Waalaykum salaam. Inshallah 😂

[19:43] Dada Mwanaidi: Jumaa!

[19:51] Shangazi Zuhura: Alhamdulillah. Mungu mkubwa

[19:52] Shangazi Zuhura: (Imesambazwa mara nyingi) Siri ya maji ya uvuguvugu na tangawizi ambayo madaktari hawataki uijue...

[19:58] Dada Mwanaidi: Shangazi samahani, ya tangawizi tutaisoma baadaye. Tuko watu 26 humu. 19 mmeshasoma. Nawaona.

[20:06] Asha Tabibu: Shikamooni wote. Mama, naomba niseme kitu kabla hamjafika mbali. Mjomba anatoka, hajapona. Bipola, huu ugonjwa wa akili wa hisia kupanda mno na kushuka mno, hauishi kama malaria ukamaliza dozi. Ametulia kwa zile sindano za mwanzo, sasa hivi yuko kwenye vidonge vya lithiamu. Hiyo inataka kupimwa damu, maana ikiwa kidogo haifanyi kazi na ikizidi ni sumu. Mwanzoni kila wiki mpaka kipimo kitulie, baadaye kwa miezi, pamoja na figo na tezi ya shingo. Kwa hiyo anapofikia pawe karibu na maabara yenye hicho kipimo. Si kila maabara inacho.

[20:08] Jumaa: Basi Muheza tumeshapoteza pointi 3, kama kawaida ya Coastal

[20:08] Bakari Pongwe: We Coastal umeifuata nini, shabiki wa Yanga?

[20:09] Jumaa: Nilizaliwa Tanga, moyo ukahama 😂

[20:09] Bakari Pongwe: Ulihama na kombe

[20:10] Dada Mwanaidi: MPIRA PELEKENI KWENYE KIKUNDI CHA MPIRA

[20:21] Shangazi Zuhura: Mimi nasema hivi. Hamisi hana hiyo bipola. Mtoto katoka Mkuzi na viatu vya kuazima, Chuo Kikuu Mlimani katoka na daraja la kwanza, ofisi ya ghorofani Posta, majaji wanamwita kwa jina. Mnadhani macho ya watu hayana kazi? Husda ile. Mnahangaika kupima damu, halubadiri haijasomwa hata moja.

[20:24] Asha Tabibu: Bibi, kisomo kisomwe, hakuna anayekataza. Ila dawa zisikatwe.

[20:25] Jumaa: Husda haimtumi mtu kuishitaki Serikali, benki, mwenye nyumba na Shangazi Zuhura kwenye Mahakama ya Afrika kule Arusha. Si alitutumia humu humu? Kurasa 90, kila ukurasa kagonga muhuri wake wa wakili. Shangazi ni mjibu maombi wa nne 😂😂

[20:27] Shangazi Zuhura: Mimi nilimkosea nini?

[20:27] Jumaa: Kuficha hati ya shamba. Aya ya 212

[20:28] Dada Mwanaidi: Jumaa nakuomba.

[20:40] Rehema: Nilikuwa nimenyamaza. Kwa kuwa shamba limetajwa, niseme. Michungwa ya Mkuzi iliuzwa ikiwa na maua. Tungesubiri msimu mmoja tu. Hela ikaenda ada ya Hamisi. Mimi nikaambiwa darasa la saba linamtosha mtoto wa kike, nitanunuliwa cherehani. Hiyo cherehani naisubiri mpaka leo. Na leo mnauliza anafikia kwa nani huku mmeshanielekea mimi, kwa sababu Rehema hana ofisi, Rehema yupo tu.

[20:43] Dada Mwanaidi: Ujumbe huu ulifutwa

[20:44] Rehema: Umechelewa kufuta. Nimeusoma.

[20:44] Rehema: "Mambo ya zamani." Haya.

[21:30] Dada Mwanaidi: Turudi kwenye mada. Barua ya Kamati ya Mawakili, wale wanaowawajibisha mawakili, iko kwangu. Wakili mwenzake kanishauri ripoti ya daktari iambatane na majibu. Hilo nalifuatilia mwenyewe. Nyie nipeni sehemu ya kufikia.

[22:17] Wifi Salma: Assalaam alaykum. Nimelaza watoto ndo nasoma. Naona kila mtu kapangiwa la kufanya, mke hakuulizwa.

[22:26] Wifi Salma: Nianze na dawa. Alikuwa anameza tangu ile mara ya kwanza mliyoambiwa yuko semina Arusha. Aliniapisha nisiseme. Wakili akijulikana anameza vidonge vya kichwa, nani atampa kesi? Alivitia kwenye kopo la mafuta ya nywele, anachukua asubuhi kabla mtoto hajaingia chumbani. Kesi zake alishinda akiwa anameza hivyo hivyo vidonge. Ramadhani akafunga. Hanywi maji mchana, mikono ikaanza kutetemeka mpaka kijiko cha uji kinamgonga meno, akaharisha. Namwambia twende kliniki, anasema saumu. Halafu ukaingia ujumbe humu, mwenye Qur'an kifuani hahitaji vidonge vya wazungu. Ulikuwa wa kusambazwa tu, hakutajwa mtu. Yeye akaona umeandikiwa yeye. Akaacha siku hiyo hiyo.

[22:34] Wifi Salma: Idi imepita, hakulala tena. Saa tisa za usiku anaandika, anaongea na simu, anaajiri vijana, anachukua magari mawili kwa mkopo. Na alikuwa na furaha jamani, sijawahi kumwona na furaha vile. Anatoa hela kama maji. Mlimsifia humu, "wakili wetu simba". Shemeji Jumaa pikipiki ulipokea, ukapiga nayo picha ukaituma hapa. Wifi, bati za Pongwe zilitoka wapi? Hakuna aliyeuliza mtu halali usiku ana nini. Wameanza kuuliza alipoanza kuvua shati barabarani.

[22:35] Wifi Salma: Hela ya mteja nayo imo humo humo. Hiyo sitaizungumza hapa.

[22:51] Asha Tabibu: Pole sana Mama Mdogo. Kutetemeka na kuharisha zilikuwa dalili kwamba dawa inapanda kwenye damu. Mwili ukikosa maji lithiamu inabaki ndani, figo haziitoi. Alitakiwa amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, ama abadilishiwe ama asifunge, na mgonjwa ameruhusiwa kula. Tena akisema mgongo unauma asipewe diklofenaki wala ibuprofeni, nazo zinaipandisha. Chumvi asikatazwe ghafla. Na dawa asiiache ghafla hata akijiona mzima, hasa akijiona mzima.

[23:05] Omari Muscat: Ndo natoka kazini. Kuna nini? Nani kafariki?

[23:06] Bakari Pongwe: Soma juu

[23:06] Omari Muscat: Ndefu. Nitume ngapi?

[23:20] Bakari Pongwe: Kwani Hamisi mwenyewe si yumo humu?

[23:24] Wifi Salma: Yumo. Simu yake ninayo mimi, nimeizima. Siku akiiwasha atasoma yote.

[23:26] Jumaa: Ujumbe huu ulifutwa

[23:26] Jumaa: Ujumbe huu ulifutwa

[23:27] Shangazi Zuhura: Ujumbe huu ulifutwa

[23:29] Rehema: Wangu utabaki.

ALHAMISI

[05:48] Shangazi Zuhura: Sabahalkheri. Nimeswali nikapata wazo. Aletwe Muheza, akae chumba cha uani, mlango ufungwe kwa nje mpaka akili imrudie. Asizurure watu wakamcheka. Chakula tutampitishia.

[06:31] Baba Mkubwa: HAPA NI SABRA NAMWANDIKIA BABU. ANASEMA NIANDIKE KAMA ANAVYOTAMKA.

[06:37] Baba Mkubwa: NIMESOMEWA YOTE. ZUHURA, HICHO CHUMBA USIKITAJE TENA. SAIDI ALIKAA HUMO. WATOTO MLIAMBIWA ANA MALARIA YA KICHWA. ALIKUWA FUNDI WA RELI, WAZUNGU WALIKUWA WANAMPA CHETI KILA MWAKA. UFUNGUO ULIKUWA KWANGU MIMI, NIMEUFUNGA KWENYE PINDO LA MSULI. LUTINDI ILIKUWEPO HAPO JUU KOROGWE TANGU ENZI ZA MJERUMANI, WAGONJWA WANALIMA, WANAFUMA. TULIONA HAYA KUPANDA NAYE GARI WATU WAMWONE. HAMISI HAFUNGIWI. NA REHEMA ASIAMBIWE AMLEE MPAKA WALIOKULA MICHUNGWA YAKE WAMWAMBIE WATAMLIPA NINI, NA MIMI NIMO. NIMEMALIZA.

[06:38] Baba Mkubwa: Babu amerudi kulala. Na mimi nachelewa shule. Sabra

[08:50] Bakari Pongwe: 🙏

[08:52] Mama Tunu: 🙏🙏

[09:15] Shangazi Zuhura: Nimesikia kaka.

[09:40] Dada Mwanaidi: Shikamoo Baba Mkubwa. Tumepokea. Rehema, la cherehani tutazungumza mimi na wewe.

[09:41] Rehema: Tutazungumza hapa hapa. Lilifanyika mbele ya watu.

[10:02] Wifi Salma: Na mimi niseme lililobaki. Hamisi ana nyumba yake Tabata, mke na watoto. Anafikia kwake. Siombi mtu amhifadhi. Ninachoomba ni mtu mzima wa kukaa naye mchana nikiwa kazini, asimsimamie kama mlinzi, akae naye tu. Na mtu wa kumpeleka maabara. Dawa nitampa mwenyewe, asubuhi na usiku, kwenye kopo lenye jina la dawa.

[10:05] Dada Mwanaidi: Basi vizuri. Napanga zamu. Jumatatu Jumaa, Jumanne Bakari, Jumatano mimi, Alhamisi...

[10:06] Bakari Pongwe: Dada mie niko Pongwe, Tabata kila Jumanne nafikaje?

[10:07] Dada Mwanaidi: Kwenye harusi ya Tunu ulifika siku mbili kabla.

[10:07] Bakari Pongwe: Ile kulikuwa na pilau 😂

[10:11] Rehema: Mimi nakuja Jumapili kwa basi la asubuhi. Wiki mbili, siongezi. Nakuja kwa Salma, na nauli nalipa mwenyewe. Asije mtu akasema nimetumwa.

[10:12] Wifi Salma: Karibu wifi. Kitanda cha watoto kipo.

[10:19] Dada Mwanaidi: Mungu akubariki Rehema. Jumaa, hiyo pikipiki ibaki Tabata kwa ajili ya maabara.

[10:31] Dada Mwanaidi: Jumaa uko hewani nakuona.

[10:44] Jumaa: Pikipiki iko rehani

[10:44] Dada Mwanaidi: Kwa nani??

[10:45] Rehema: 😂😂😂

[10:58] Omari Muscat: Nimetuma laki mbili kwa Mwanaidi. Nimesoma yote sasa. Poleni. Babu Saidi sikuwahi kuambiwa.

[11:03] Dada Mwanaidi: Imeingia Omari, ahsante. Nyingine itakuwa ya vipimo, nitaweka hesabu hapa. Sasa Jumamosi yenyewe nani anamfuata? Daktari anataka ndugu wa kusaini, na Salma yuko zamu kazini mpaka saa nane. Mimi niko na hiyo barua ya Kamati.

[11:40] Dada Mwanaidi: Jamani Jumamosi ni keshokutwa.

[12:15] Jumaa: Anaruhusiwa saa ngapi?

[12:15] Dada Mwanaidi: Saa nne asubuhi. Unaenda?

[12:52] Dada Mwanaidi: Jumaa?