Naombeni ushauri: kila nikijipangia kuandika shairi kila siku, siku ya kumi naanguka

Binti Uzi: Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, mashairi nayapenda tangu shule ya msingi. Juzi nilinunua daftari la jalada gumu, nikajiapiza: saa kumi alfajiri naamka, nafukiza udi, naandika shairi. Siku tisa mambo safi. Ya kumi mtoto akapata homa, nikakesha naye, na daftari halijafunguliwa tena. Nikilipita pale kabatini naona aibu. Nyie mnaoweza mnafanyaje?

KahawaChungu: Pole dada. Saa kumi na una mtoto mdogo? Umejipa adhabu. Udi hauna kosa, mie bila kahawa na kashata siandiki kitu. Ila shairi zima kila siku ni zigo. Andika ubeti, mistari minne, mizani (yaani silabi) 16 kila mstari. Ukishindwa ubeti, andika mstari.

Mzee wa Maktaba: Shaaban Robert wenu wa huko Tanga alikuwa karani wa forodha miaka mingi, na aliandika. Mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, Anthony Trollope, naye mtu wa posta, saa 11:30 alfajiri yuko mezani, saa mbele yake, maneno 250 kila robo saa. Lakini alimlipa mtumishi amwamshe kwa kahawa! Wewe nani anakuletea?

Randa na Msumeno: Binti yangu, mimi seremala, penseli iko sikioni, naandika kwenye vipande vya mbao. Daftari zuri linatisha, unaogopa kulichafua. Cherehani si unaitia mafuta kila asubuhi? Ukiweka chini kikopo cha mafuta, shika chaki. Hapo hapo, kabla ya mteja. Kazi hiyo huisahau hata mtoto akiumwa.

Binti Uzi: Baba, leo nimefanya hivyo. Nimeandika kwenye karatasi ya kaki niliyokatia kola:

*Amka mwandani wangu, mafuta yako chukua,*
*Nami nanywa chai yangu, mlango sijafungua,*

Nikiwa kwenye wa tatu mteja kagonga, anataka gauni lake la harusi ya Jumamosi. Nimebaki na mistari hiyo miwili.

KahawaChungu: Nimehesabu kwa vidole, nane na nane. Huyo wa gauni ungemwacha agonge kidogo.