Studio za "kuhamisha kanda" zinatuharibia kumbukumbu za familia, na fedha tunawalipa

Wanajamvi, heshima kwenu nyote.

Niseme bila kuzunguka: wengi wa hawa waliotundika mabango ya "tunahamisha kanda za VHS kwenda kwenye flashi, picha za zamani tunazifanya HD" hapa Dar es Salaam hawahamishi kitu. Wanapokea kumbukumbu ya mtu, wanaitengeneza upya kwa namna wanavyodhani inapendeza, kisha wanamkabidhi mwenyewe kitu kingine kabisa na kumtoza fedha. Studio iliyonitenda haya siitaji kwa sasa, kwa kuwa nimekwisha kuiandikia barua na ninasubiri majibu yake kwa maandishi.

Kanda niliyoipeleka ni ya harusi ya dada yangu, iliyofanyika Tanga mwaka 1996. Humo ndani kuna sehemu ambapo bibi yetu mzaa mama, ambaye sasa ni marehemu, anamshika bi harusi mkono na kumuusia kwa kirefu, Kiswahili chake kikichanganyika na Kidigo, huku kina mama wakimkatiza kwa vigelegele. Hakuna mahali pengine popote sauti ya bibi ilipobaki. Katika faili nililopewa, bibi anaonekana akifumbua kinywa na kukifumba, na juu yake umepigwa wimbo wa Bongo Fleva ambao, ukiisha, unaanza tena, hadi mwisho wa sherehe. Nilipohoji, kijana wa mapokezi alinijibu kwa adabu zote: "Mama, sauti ile ilikuwa na mikwaruzo, tukaitoa, tukakuwekea muziki bure." Bure!

Mikwaruzo hiyo ina sababu inayojulikana na kila fundi aliyewahi kufungua deki. Katika VHS, sauti ya kawaida hurekodiwa pembezoni mwa utepe, mbali na picha, na husomwa na kichwa chake peke yake kisichozunguka, yaani kile kipande cha deki kinachogusa utepe na kuusoma. Kichwa hicho kikishika uchafu, sauti hufifia na kukwaruza hata kama picha bado ni nzuri. Dawa yake ni kukifuta kwa spiriti safi na kuirudia kanda tangu mwanzo. Kazi hiyo haifiki nusu saa, na haimpi mtu yeyote ruhusa ya kufuta wosia wa marehemu.

Picha nazo hazikusalimika. Kanda zetu za miaka ile zilirekodiwa kwa mfumo wa PAL, ambao una picha 25 kwa sekunde, kila moja ikiwa imegawanywa katika nusu mbili za mistari inayopishana, na umbo la fremu ni 4 kwa 3. Fundi wetu ameivuta fremu hiyo ijae runinga pana za leo, kwa hiyo ukoo mzima umenenepa na kufupika, na zile nusu mbili ameziunganisha vibaya kiasi kwamba kila anayecheza ngoma ana mistari kama meno ya kitana kwenye mikono yake. Kanda ya saa tatu ikinakiliwa kwa muundo wa DV, ambao umetumika miaka mingi kwa kazi kama hii, hufikia takriban GB 39, yaani GB 13 kwa kila saa. Faili langu halifiki hata GB 1. Sikatai kupewa faili dogo la kutumiana kwenye simu, lakini dogo hutolewa ndani ya kubwa, na kubwa lenyewe ni mali ya mteja.

Pamoja na kanda nilipeleka picha ya bibi huyo huyo akiwa msichana, ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyopigwa studio. Hawakuiweka kwenye skana. Waliipiga kwa simu chini ya taa, ndiyo maana ipo alama ya mng'ao begani, kisha wakaipitisha kwenye programu ya akili mnemba. Aliyerudi ni binti mwingine. Ngozi yake haina hata kovu lile la juu ya nyusi ambalo sisi wajukuu wote tunalikumbuka, na kanga yake, ambayo katika picha halisi unasoma wazi "Wema hauozi", sasa ina michirizi inayofanana na herufi lakini si herufi za lugha yoyote. Nyuma ya picha kuna muhuri wa studio na mwandiko wa babu. Upande huo hawakuugusa kabisa. Picha ya inchi 4 kwa 6 ikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi, mbele na nyuma, na kuhifadhiwa katika faili la TIFF, yaani aina ya faili la picha linaloweza kutunza ubora wote, inatosha kabisa. Anayetaka kupaka rangi na apake kwenye nakala, huku akijua kwamba hizo rangi zimebuniwa.

Mtaniambia kwamba wateja wenyewe ndio wanaopenda mambo ya HD. Huenda wapo. Mimi nilitaka kilichomo kitoke kama kilivyo, na hilo niliwaandikia kwenye karatasi ya oda.

Kinachonichoma zaidi ni kanda yenyewe. Nilipoidai niliambiwa kwamba kanda zikishahamishwa "hazina kazi tena". Kumbe ndizo zenye kazi, kwa sababu kazi ikifanywa ovyo, pa kurudi ni hapo tu. Na muda hautusubiri: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuunda deki za VHS, ilisimamisha uzalishaji Julai 2016, na deki nzima zilizobaki mikononi mwa mafundi zinapungua. Kwa unyevu wa pwani yetu utepe unaota ukungu, na fundi mzembe akiingiza kanda yenye ukungu bila kuisafisha, anaichafua deki na kumwambukizia mteja anayefuata.

Niligoma kuondoka. Baada ya mabishano kanda yangu ilitolewa kwenye kiroba nyuma ya kaunta, haina kasha, lebo imebanduliwa, na nimeitambua kwa jina la dada lililoandikwa kwa kalamu ya wino kwenye plastiki. Kwa sasa sitafuti muziki wala HD. Natafuta fundi, awe Dar es Salaam au Tanga, mwenye deki inayofanya kazi ya PAL, atakayekubali nikae naye wakati kanda inacheza. Aliye naye anielekeze hapa chini.

Kiroba kile kilikuwa kimejaa kanda za watu wengine. Kama uliwahi kupeleka za kwenu mahali popote pa namna hii ukarudi na flashi peke yake, nenda kadai kanda zako wiki hii, kabla gari la taka halijapita.