Eti "ana nini cha kuficha?" Huyu mwalimu wa michezo amenifikisha mwisho!

Wakuu, natetemeka hapa, na si kwa baridi ya Uyole, hapa Mbeya.

Natoka shuleni sasa hivi. Yule mwalimu mnamjua, wa filimbi shingoni, akifoka Uyole wanamsikia Tunduma. Darasa la tano anawabadilishia nguo chumba kimoja, wasichana na wavulana, dirisha halina kioo wala pazia, na darasa la saba wanapita hapo hapo kwenda bombani. Binti yangu kagoma. Nimemfuata mwalimu kwa adabu zote, akanijibu mbele ya wenzake: "Kwani mtoto wa darasa la tano ana nini cha kuficha?" Akacheka!

ANA NINI CHA KUFICHA! Balehe kwa msichana huanza hata miaka 8 au 9. Wapo wanaopata hedhi wakiwa darasa hilo hilo. Chuo cha ualimu alisomea nini huyu?

Nikasema wasichana watangulie, wavulana wasubiri nje. Hapana, kipindi ni dakika 40. Chooni nako hawawezi kubadilishia, sakafu imelowa, bukta ikidondoka ndiyo basi tena. Nikasema siku ya michezo waje na traksuti toka nyumbani, mwezi wa saba huu, watoto wanaganda. Hapana, sare ni sare. Halafu akarudia: "Ana nini cha kuficha?" Meno yote nje, mpaka magego nimeyaona!

Mzee wa Loleza: Punguza jazba mkuu. Sisi tulibadilishia nyuma ya mikaratusi na UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, tukafika.

Mleta uzi: Nyuma ya mikaratusi mlifuata nini kama hamkuwa na cha kuficha?

Dada wa Kabwe: Wangu anavaa taiti na tisheti ndani ya sare toka asubuhi. Wewe unakuja kulia humu.

Mstaafu Iringa: Mwanangu, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumdhalilisha mtoto. Andika barua kwa mwalimu mkuu, nakala kamati ya shule. Sisi tulikuwa tunafunga khanga mbili dirishani, shilingi haikutoka.

Baridi Makete: Bora nyie. Huku traksuti lazima ununue kwa fundi wao, zipu imekufa wiki ya kwanza.

Dada wa Kabwe: Kashonee Mwanjelwa.

Baridi Makete: Mwanjelwa ndiko walikonipiga sweta la mtumba nikaambiwa jipya!

Jembe la Njombe: Wizi ni lumbesa. Gunia la viazi linashonewa kilemba juu, mnunuzi analipa gunia moja anaondoka na moja na nusu.

Mleta uzi: Jamani! Mwalimu kasema ana nini cha kuficha, tena mara mbili!

Mzee wa Loleza: Jembe, viazi bei gani huko shambani leo?