Corolla AE100: kutu kwenye tanki la petroli na oili inavuja, nianze na lipi?

kibirizi91

Wakuu, habari za jioni. Gari ni Corolla AE100, injini 5A-FE, gia za mkono, lipo Kigoma mjini. Limepaki masika yote likiwa na mafuta robo tanki. Jirani anasema kutu ni ya upepo wa ziwa.

Dalili za mafuta: asubuhi linawaka kwa taabu, likishawaka linamisi kama dakika moja na moshi mweusi. Kwenye mlima linakata, ukiachia mguu linarudi. Filta imebadilishwa mara mbili ndani ya wiki tatu, na kila inapofunguliwa yanatoka maji yenye rangi ya chai ya mkandaa na tope chini yake.

Dalili za oili: tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) imelowa pembeni, na matone yanaanguka pale injini inapoungana na gia boksi. Fundi anasema ni sili ya nyuma ya krenki (raba inayozuia oili pale mhimili wa injini unapotokea), gia boksi ishushwe. Kinachonichanganya ni kimoja: oili inavuja, lakini kwenye stiki ya kupimia haipungui. Imepanda kidogo juu ya alama ya F (kujaa).

Nianze na lipi? Na tanki lisafishwe au niagize la mtumba Gerezani, Dar es Salaam?

Bi_Spana

Mkuu, usiliwashe tena kwanza, isipokuwa kwa kupima. Chomoa stiki uinuse. Ikinuka petroli, jibu umelipata. Ukitaka uhakika zaidi, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe uache nusu saa. Oili safi hubaki duara zito. Iliyochanganyika na petroli hutanuka na kuacha utepe mpana mwepesi kuzunguka lile doa jeusi.

Hayo matatizo yako mawili yana mzizi mmoja. Chembe za kutu zimepenya filta, zimefika kwenye injekta (kipulizia petroli) na kuizuia isifunge sawasawa. Usiku petroli inachuruzika ndani ya silinda, inapita kwenye ringi za pistoni, inaingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Ndiyo maana asubuhi inamisi na moshi mweusi, ndiyo maana stiki inapanda. Oili ikishakuwa nyepesi kama maji, hata sili iliyokuwa inajikaza nayo inaachia. Ukishusha gia boksi leo ukaweka sili mpya, bado itavuja, na metali (beringi) za krenki zitakuwa zinasagika.

Kwa hiyo mafuta kwanza, oili baadaye. Kupima injekta: funga geji ya presha. Gari likiwa sailensa (linaunguruma bila kukanyaga mafuta) na mpira wa vakyumu wa regyuleta ya presha ya petroli umechomolewa, isome psi 38 hadi 44. Rudisha mpira, ishuke kati ya 30 na 37. Zima gari uhesabu dakika tano: isiteremke chini ya 21. Ikiporomoka, mshukiwa ni injekta, regyuleta au vali ya kuzuia kurudi iliyo ndani ya pampu. Kuzitenganisha, toa reli pamoja na injekta zake, kila mdomo uuwekee kikombe, kisha unganisha +B na FP kwenye kisanduku cha daignosisi ili pampu izunguke bila injini kuwaka. Inayodondosha utaiona. Betri iwe mbali na hapo, mtu asivute sigara hata uani.

ChumaChakavu

Naongezea kwenye tanki. Bi Spana kasema kweli, lakini ukisafisha injekta kabla ya tanki unapoteza hela.

Toa presha kwanza: washa gari, chomoa soketi ya pampu chini ya kiti cha nyuma, liache lizime lenyewe, piga stata sekunde tatu, ndipo uchomoe negativu ya betri. Nyonya petroli yote kwa mpira. Shusha tanki hadi chini, usijaribu kulisafishia humo humo kupitia tundu la pampu. Ndani kuna kuta za bati za kuzuia mafuta yasicheze, na kutu yote imejificha nyuma yake. Kwa sababu hizo hizo usitie kokoto wala nati za kusugulia: zitaingia hutazitoa. Tumia mnyororo mwembamba wa mita mbili, ncha moja uishike nje.

Gari lisiwe juu ya shimo la gereji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama shimoni unasubiri cheche.

Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mpaka harufu ipungue. Kisha maji ya uvuguvugu lita 40 na sitriki asidi kilo 2, ile ya unga wanayotumia watengeneza juisi. Ziba matundu, acha saa 12, geuza juu chini, acha 12 nyingine. Kila saa chache chungulia kwa tochi: ukiona bati la kijivu, mwaga. Usiache siku tatu ukidhani ndiyo itang'aa zaidi. Matanki mengi ya zamani yana mpako wa risasi na bati kwa ndani, na asidi haichagui, ikimaliza kutu inaanza na mpako. Kwa sababu ya risasi hiyo pia, maji yake yasiende mtaroni wala ziwani.

Suuza, kisha lita 20 za maji na robo kilo ya magadi kuua asidi, suuza tena mara mbili. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Tanki lililotoka kwenye asidi likibaki na unyevu linarudi kuwa na rangi ya chungwa ndani ya dakika kumi, unaliona kwa macho. Mwaga maji, papo hapo zungusha lita moja ya spiriti ya kusafishia ibebe maji yaliyobaki, mwaga, halafu acha tundu zote wazi nje kwenye upepo kabla ya kupuliza chochote. Mvuke wa spiriti nao unawaka. Ukishaisha, puliza hewa ya moto saa nzima. Maliza na glasi moja ya oili safi iliyochanganywa na petroli kidogo, geuza tanki kila upande, mwaga.

kibirizi91

Asanteni sana. Stiki inanuka petroli kweli, na lile doa limetanuka. Maswali mawili. Kuna anayesema tindikali ya betri ni ya haraka kuliko sitriki. Na kuna kitundu kama cha sindano kwenye mshono wa chini wa tanki, fundi wa kuchomelea anasema akilijaza maji anaweza kuliziba.

ChumaChakavu

Tindikali ya betri hapana. Inakula kutu na bati pamoja, na ikibaki nyuma ya zile kuta inaendelea kula hata baada ya kufunga tanki.

Kuchomelea pia hapana. Tanki lililooshwa lina mvuke kwenye mishono na ndani ya kutu yenyewe. Moto ukiipasha, mvuke unatoka upya. Hata la maji lina nafasi ya hewa juu. Na tundu la sindano kwenye mshono maana yake bati la pembeni limebaki kama karatasi: ukiligonga kwa kitako cha bisibisi sauti inakuwa butu. Hapo agiza la mtumba. Likija, lichungulie kwa tochi kabla hujalipia usafiri, maana kutu inakaa hata kwenye tanki lililopigwa rangi nyeusi ya kupendeza nje.

mto_malagarasi

Kuna epoksi za kupaka ndani ya tanki zinaziba vitundu vidogo. Mbona hakuna aliyezitaja?

ChumaChakavu

Zinafanya kazi kwenye bati safi lililokauka kabisa. Kwenye gari la injekta siipendi. Kuna bomba la kurudisha mafuta na boya la geji, epoksi ikiziba kimojawapo kazi imeharibika. Na ikipakwa juu ya kutu inabanduka kama ngozi ya kitunguu, vipande vinaenda kukaa kwenye chujio la pampu. Pikipiki sawa, tanki lake unaliona lote.

Bi_Spana

Kabla hujafunga tanki jipya, usisahau njia. Chomoa bomba za chuma pande zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, puliza hewa kutoka mbele kuelekea nyuma, ukikinga kitambaa cheupe. Ikiendelea kutoa unga wa kahawia, badilisha bomba. Ukiunganisha mpira, uwe wa injekta, ulioandikwa SAE J30R9. Mpira wa kawaida wa kabureta utavimba na kupasuka kwa presha hiyo. Ule mfupi ulio ndani ya tanki unaoelea kwenye petroli ni J30R10, mwingine unalainika na pampu inapoteza presha. Klempu ziwe za kuzunguka pande zote zisizokata mpira.

Chujio la mdomo wa pampu jipya, raba ya kifuniko cha pampu mpya, filta mpya yenye washa (pete bapa za kuzibia) mpya pande zote mbili za boliti yake. Washa za zamani zikirudishwa huwa zinatoa jasho la petroli juu ya injini ya moto. Baada ya wiki mbili toa filta hiyo, igeuze umwage kwa tundu la kuingilia kwenye sahani nyeupe. Pitisha sumaku chini ya sahani: chembe nyeusi zikifuata sumaku, kutu bado ipo, zisipofuata, ni mpira unaoharibika mahali fulani.

Na lile wazo la jirani kwamba ni upepo wa ziwa halina msingi. Tanganyika ni maji baridi, hayana chumvi ya bahari. Tatizo ni tanki tupu kwenye unyevu, hewa inapoa usiku na maji yanajikusanya kwenye bati. La pili ni madumu. Dumu lililobeba mawese likioshwa haraka haraka na kuwekwa petroli, mafuta yale yanayeyuka humo humo na baadaye yanaacha gundi kwenye injekta. Paki na tanki limejaa.

FundiGungu

Nimesubiri mmalize mafuta. Sasa oili.

Ukishamaliza injekta, mwaga oili yote, badilisha filta, weka takribani lita 3 ukipima kwa stiki. Osha injini kwa mafuta ya taa na brashi ikiwa imepoa, kausha, kisha nyunyiza poda ya mtoto kuanzia juu hadi chini. Tembea kilomita kumi. Oili hushuka na kurudi nyuma, kwa hiyo tafuta alama ya juu kabisa iliyolowa. Lile tone la chini ni mwisho wa safari tu.

Kwenye 5A-FE, distribyuta (inayogawa umeme kwa plagi) imekaa upande wa gia boksi. Oringi yake ikikauka, oili inateremka na kudondoka mahali pale pale ambapo sili ya krenki ingedondokea. Kona ya nyuma ya tapeti kava nayo hivyo hivyo. Gia boksi nyingi zimeshushwa bure kwa oringi ya bei ya soda.

Kabla ya kutoa distribyuta, chora mstari kwa msumari kutoka kwenye mwili wake hadi kwenye hedi, na uweke alama rota inaangalia wapi. Ukishafunga, unganisha TE1 na E1 kwenye kile kisanduku cha daignosisi, elekeza taa ya taimingi: digrii 10 kabla pistoni haijafika juu. Kisha toa ule waya.

Tapeti kava: gasketi ngumu kama plastiki haikazwi, inabadilishwa, pamoja na raba za mashimo ya plagi na raba za chini ya nati. Silikoni weka pointi ndogo kwenye kona ambapo kepu za kamshafti zinakutana na hedi, basi. Wanaopaka kava zima wanasahau kwamba kinachobanwa ndani kinakatika, kinaanguka sampuni na kuziba chujio la pampu ya oili. Nati ni Nm 6 tu, yaani kidole na mkono, si nguvu ya bega.

Halafu vali ya PCV, inayotoa mvuke wa ndani ya injini. Ichomoe uitikise: isipogonga ndani, imeganda, na presha ya krenki inatafuta pa kutokea kwenye sili yoyote iliyo dhaifu. Badilisha na raba yake.

kibirizi91

Nimeandika: tanki, chujio la pampu, filta na washa, mpira wa R9 na R10, seti ya tapeti kava, oringi ya distribyuta, PCV. Sili ya krenki naiacha?

FundiGungu

Iache mpaka poda ikuoneshe. Lakini angalia pia kava la taimingi, upande wa pili. Ukikuta limelowa kwa ndani, ongeza sili za mbele za kamshafti na krenki na mkanda wenyewe, kwa sababu oili inalainisha mpira wa mkanda na meno yanaanza kutoka. Vyote agiza kwenye mzigo mmoja.