Nitampaje mtoto dawa nikiwa ukweni?

BintiPasua
Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Nina miaka 22, nakaa Pasua hapa Moshi, nashona kwenye fremu ya dada mmoja karibu na soko la Mbuyuni. Nimezaliwa na maambukizi ya VVU. Bibi alinilea akisema ni dawa za kifua, mpaka darasa la sita nilipojisomea mwenyewe bango la kliniki. Sijawahi kuacha dawa, na kipimo cha wingi wa virusi cha mwezi wa kumi mwaka jana kilikuwa chini ya 50, yaani virusi vimefubaa.

Sasa nina mimba ya miezi mitano. Mwenzangu anajua, tulipima pamoja, yeye hana. Shida ni kwao Uru. Mama yake ameshasema uzazi huu ataulea yeye: miezi mitatu nikae ndani, mtori, maziwa, nisishike hata ufagio. Mbuzi ameshatengwa. Nampenda yule mama, lakini hajui. Nikienda kumsalimia navitoa vidonge kwenye kopo, navifunga kwenye leso na pamba, maana kopo likitikisika mkobani linalia kama kayamba. Mimi naweza kujificha, je kichanga? Nimeambiwa atanyweshwa dawa ya maji kila siku kwa wiki sita. Na mama akisikia mtoto analia atampa maji ya uvuguvugu, ndivyo alivyolea wanawe wote.

Nilimuuliza nesi wa kliniki ya wajawazito, akanijibu mbele ya foleni nzima, "Wewe wa CTC, kule hawakukuambia?" CTC ndiyo kliniki yetu wenye VVU. Nikanyamaza, nikachukua vidonge vyangu vya damu nikaondoka. Usiku saa nne navimeza vyote kwa mpigo na maji, nalala. Aliyepitia hili naomba anieleze.

MamaSakina
Marahaba mwanangu. Mimi niko Arusha, ila ukweni kwangu ni Machame, na nilijifungulia huko 2016. Chupa ya nevirapini, ile dawa ya maji ya mtoto, niliificha kwenye sanduku chini ya vitenge. Jioni mama mkwe akienda kukama, mimi mbio na bomba la sindano. Mtoto anatema, dawa inatiririka shingoni, nafuta gizagiza. Ile dawa ina sukari. Siku ya kumi na moja nikakuta sisimizi wamejipanga kwenye kola ya kifulana chake. Nililia sana siku ile. Nikampigia mume wangu.

Akaja Jumamosi, akamwita mama yake migombani, wakakaa huko mpaka giza. Siku mbili mama hakusema nami zaidi ya salamu. Ya tatu akaleta mtori, akaniuliza, "Saa ya dawa ya mtoto bado?" Kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa saa yangu.

Siwezi kukuahidi wako atakuwa hivyo. Ila aseme kijana wake, si wewe, na aseme kabla hujapanda huko na kichanga. Akigoma, jifungue na ubaki Pasua, mtori utapikiwa hata na jirani. Miezi sita ni ziwa lako tu, hata maji hapana. Wangu alitobolewa kisigino wiki ya sita, akapimwa tena na tena mpaka miezi 18. Hana. Sasa yuko shule ya msingi.

NesiMstaafu
Binti, kwanza pole. Kutajwa CTC mbele ya foleni ni kosa, sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri yako.

Kuna jambo umelipitia haraka limenishtua. Kama unatumia dawa yenye dolutegravir, ile ya kidonge kimoja kwa siku, usiimeze na vidonge vya damu tumbo likiwa tupu. Madini ya chuma yaliyo kwenye vidonge vya damu huing'ang'ania dawa tumboni, isiingie mwilini vya kutosha. Meza vyote pamoja na chakula, au ARV, yaani hiyo dawa yako ya VVU, itangulie masaa mawili, au uimeze masaa sita baada ya vidonge vya damu. Usiache hata kimoja, vyote unavihitaji. Na usisubiri tarehe ya kadi, nenda CTC wiki hii uwaeleze ulivyokuwa unameza, waangalie wingi wa virusi sasa. Virusi visipokuwa vimefubaa, mtoto huwekwa kwenye dawa tofauti na kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo lazima wajue kabla hujajifungua.

KakaNgaramtoni
Mimi nasema upande wa mwanaume. Mke wangu alitaka niseme, nikawa naahirisha, "wiki ijayo, wiki ijayo". Aliteseka peke yake miezi minne. Mwambie mwenzako ataje siku kabisa.

BintiPasua
Asanteni, nimesoma mara tatu. Jumatatu nilienda CTC, dada wa pale alinikalisha pembeni, akatoa damu, majibu bado. Sasa nameza ARV saa mbili usiku, vidonge vya damu nimehamishia mchana na ugali. Mwenzangu anapanda Uru Jumapili baada ya ibada, amesema mwenyewe, sikumsukuma. Tumbo linanikata nikifikiria. Swali moja: ile ya maji inakaa kwenye friji? Kule hakuna.

NesiMstaafu
Haihitaji friji. Weka kabatini, pasipo jua, watoto wasifikie. Tikisa chupa taratibu kabla ya kuvuta, na bomba ulioshe kila mara. Jumapili utuambie.