Tupeane uzoefu: taka zako zikishatoka mlangoni, huenda wapi?

Baraza la Kuze
Asalaam aleikum wenzangu, hamjambo nyote. Juzi barazani tuligombana juu ya taka, kila mtu akiirushia lawama kaunti yetu ya Mombasa. Nikauliza: wewe, ndoo yako ikitoka mlangoni, yaenda wapi? Watu wakatazamana, mmoja akaagiza kahawa. Basi swali nalileta huku. Siasa tuiweke kando. Sema yaliyokupata wewe, mtaani kwako, na kama pesa zimekutoka, useme ni ngapi.

Naanza mimi. Huku kwetu Kuze, Mji wa Kale, vichochoro ni vyembamba, lori haliingii, kwa hivyo lori letu ni mkokoteni wa kijana mmoja. Akiugua yeye, kunguru na paka ndio wanaofanya kazi hiyo, na wao hawafagii.

Mpangaji, Majengo
Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili, vyumba huku na huku na ukumbi katikati, kila chumba na familia yake. Zamani mmoja yuwalipa kijana wa taka, mwengine yuwangoja giza liingie atupe nyuma ya ukuta. Ugomvi haukwisha, maana za asiyelipa zilikuwa zikiishia kwenye gunia la anayelipa. Tukaweka zamu, ikafa. Tukaweka daftari, likapotea (nadhani najua liko chumba gani, lakini tusiende huko).

Dawa ilitoka kwa mwenye nyumba. Alitia shilingi 200 za taka ndani ya kodi ya kila chumba, akawa yeye ndiye anayemlipa kijana. Kelele zilikuwa nyingi mwezi wa kwanza. Tangu hapo hakuna anayetoka usiku na ndoo, kwa sababu pesa imekwishaenda, utupe usitupe. Iliyobaki ni shida ya siku: vijana waja Jumanne na Ijumaa, na vichwa vya samaki vya Jumatano havijui kungoja.

Mvuvi wa Tudor
Mimi nawaambia zinakokwenda: kwangu. Mvua ya masika ikipiga, mitaro yote ya juu yateremka hori la Tudor. Maji yakitoka, tope lote limevaa nailoni. Watu wa mjini huona uchafu tu. Mimi naona mchu unakufa. Mchu una vijiti vinavyochomoza kwenye tope kama penseli, na kwa hivyo ndivyo unavyovuta pumzi. Nailoni ikivilalia, mti wanyauka ukiwa umesimama majini. Mchu ukifa, kamba wadogo hawana pa kujificha, na mimi sina cha kupeleka sokoni.

Na si zetu peke yake. Upepo wa kusi ukivuma, huku nje ufukweni zaja chupa zenye maandishi ya Indonesia. Lakini hizo ni za ugeni. Nepi zinazonasa nyavuni ni za hapa hapa.

Mama Mapacha, Likoni
Mzee wa Tudor, za nepi nisamehe, ila ngoja nikueleze. Nina watoto wawili wa umri mmoja, hesabu mwenyewe. Kijana wa taka wa kwetu hazichukui, asema zinaharibu gunia na hazina mnunuzi. Nikasema nitachoma. Mama mkwe akaruka: ukichoma nepi ya mtoto, mtoto atawaka upele makalioni! Nikacheka, lakini jirani zangu watatu waliniambia hivyo hivyo, na sasa nimejua kwa nini nyingi zinatupwa usiku. Mtu haoni aibu ya bahari, yuwaogopa kumdhuru mwanawe.

Ninachofanya: mchana wakiwa nyumbani wanavaa za kitambaa, nazifua na kuanika juani. Za dukani ni za usiku na safari. Kinyesi namwaga chooni kwanza, nepi naikunja, naifunga, namlipa kijana mwengine juu kidogo azichukue mbali na zile nyingine. Zaenda wapi baada ya hapo, sijui, na hilo ndilo swali lako, kaka wa Kuze.

Mwalimu mstaafu, Kisauni
Dada Mama Mapacha, heri hukuchoma, ingawa sababu si ya mama mkwe. Huku kwetu watu wachoma kila magharibi, wasema ni kufukuza mbu. Plastiki ikiungua kwa moto mdogo wa uani hutoa sumu, ile ya mabomba na nyaya za umeme ikiwa mbaya zaidi, na moshi waingia kwanza kwa anayechochea. Kisha majivu yazikwa pale pale. Sote tunachota visima, na ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe wenye matundu. Ukimwaga kitu juu, hakikawii kufika chini. Kisima changu kiko hatua chache kutoka jaa la jirani. Maji yake sasa ni ya kufagilia uwanja tu.

Muuza madafu
Fupi tu. Makumbi ya dafu ukiyaacha wazi yanakinga mvua, mbu wa dengi wazaliana humo, na huyo huuma mchana. Mwaka 2017 dengi ilipotupiga, bwana afya alinionyesha viluwiluwi kwenye rundo langu mwenyewe. Sasa napasua kila dafu vipande vinne, nakausha, na mama wa mahamri yuwachukua bure kuwasha jiko.

Mchinjaji
Kabla ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017, ukipasua tumbo la mbuzi wa mtaani wakuta juala limejikunja gumu kama ngumi. Siku hizi ni nadra. Wanaosema ile sheria haikufanya kitu waje nyuma ya duka langu. Ila vile vijuala vyepesi vya kupimia vingali vyapita chini ya meza, na faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 haijawatisha wote.

Kunguru wa Kibarani
Jina nilipewa na madereva. Mliokuwa mkiingia kisiwani mkipandisha vioo pale Kibarani, mimi ndiye niliyekuwa juu ya lile jaa, na moshi wake. Lilipofungwa, likafunikwa udongo na kupandwa miti, mji mzima ulishangilia. Pamependeza, sikatai. Lakini taka hazikukoma, zilihamishiwa jaa la Mwakirunge, na nauli ya kwenda huko na kurudi ilikula nusu ya nilichookota. Wenzangu wengi waliacha.

Mimi niligeuka: sasa naokota kabla haijafika jaani, mlangoni kwenu. Na hapa mnaniumiza. Sheria ya taka ya 2022 yasema zitengwe nyumbani. Anayetenga ni mmoja kati ya kumi, na hata yule akitenga, gari laja lachanganya yote. Chupa ya maji iliyolala na mchuzi wa pweza hainunuliwi. Ikiwa safi, yanunuliwa kwa kilo, ingawa ni nyepesi, gunia zima halina uzito wa maana. Madumu na mitungi ya plastiki ngumu ndiyo yenye bei. Nailoni usinipe, hakuna anayeitaka.

Kama hujui plastiki yako, tia vipande kwenye ndoo ya maji. Chupa ya maji yazama, kifuniko chake chaelea. Ni mali mbili tofauti, na mnunuzi akizikuta pamoja yuwakata bei.

Mpangaji, Majengo
Kumbe! Sisi tulikuwa tukivifunga vifuniko kwa nguvu tukidhani twakusaidieni.

Baraza la Kuze
Kunguru, nimekuelewa. Tuna magunia mawili hapa barazani. Tuvitoe vifuniko sote? Na karatasi je?

Kunguru wa Kibarani
Vitoe, uviweke mfuko wake. Maji mmwage, chupa mzikanyage ziwe bapa nibebe nyingi. Boksi nachukua likiwa kavu, karatasi ya kufungia viazi karai hapana, ina mafuta. Vichwa vya samaki msinitilie humo. Nitapita Jumamosi asubuhi kabla jua halijakuwa kali, mwambie yule kijana wa mkokoteni asidhani naja kumnyang'anya kazi. Yeye abaki na za maji maji, mimi kavu. Na kama mna betri ya gari, msiivunje wenyewe. Niulizeni kwanza.