Tupeane uzoefu: Mafia ulifikaje, na ndani ya visiwa ulizungukaje?

Soga za Gatini (mwanzisha uzi)
Wakuu, nimerudi Mafia juzi, viatu bado vina tope la kisiwa cha Chole. Swali la "Mafia unafikaje" linajirudia sana humu, ila majibu yanaishia bandarini Kilindoni kana kwamba ukishuka pale safari imekwisha. Ndo kwanza inaanza.

Mimi nilipitia Nyamisati, bandari ya huku bara. Basi la alfajiri Mbagala Rangi Tatu, barabara ya Kilwa hadi Bungu, halafu kushoto kuelekea baharini. Boti inatoka polepole kati ya mikoko ya delta ya Rufiji, maji rangi ya chai ya maziwa, abiria wanapiga soga. Mikoko ikiisha, soga nazo zinaisha. Ilikuwa Julai, upepo wa kusi umekaza. Jamaa wa mbele yangu alikuwa ameshindilia chipsi mayai pale gatini, sisemi zaidi. Rambo zilishapigwa marufuku, kwa hiyo beba kopo lenye mfuniko.

Nanyi leteni yenu.

Bi Karafuu
Bahari ya kusi mniache nayo. Nilipanda ndege, nusu saa tu toka Dar. Kasheshe ni mzigo: kilo 15, na vindege vyenyewe vidogo. Nikapandishwa mizani mimi na begi langu, watu wanatazama! Toka uwanjani bajaji ikanifikisha kijiji cha Utende, upande wa pili wa kisiwa, kwa lami, kama kilomita 15. Kabla ya kufika kuna geti la Hifadhi ya Bahari, unalipa kiingilio. Risiti usiitupe.

Mwana wa Pondo
Mimi ni mwenyeji, nabeba wageni. Niwape kisa cha Kua, yale magofu ya kisiwa cha Juani.

Kaka mmoja alikuja na ratiba kwenye simu: saa mbili asubuhi Kua, saa tano tunatoka, mchana yuko Utende anakula. Nikamwambia, kaka, jana mwezi umetimia, maji ni bamvua, asubuhi yanakupwa vibaya, twende jioni. Akasema ataongeza pesa. Sasa pesa inaiongezea bahari maji? Lakini mteja ni mteja, tukaenda. Saa tano tunarudi, mashua imelala ubavu juu ya mchanga na kaa wanapita chini yake. Tukakaa mpaka saa nane na ushei, tunagawana muhogo wangu wa kuchemsha. Pesa alizoongeza nilizichukua, sitaki kusema uongo.

Mkija, msiniulize saa ngapi tunaondoka. Niulizeni maji yanajaa saa ngapi.

Tairi Upara
Mimi sipendi maji, nilikwenda kaskazini kwa bodaboda, Kilindoni hadi mnara wa taa wa Ras Mkumbi. Minazi na mikorosho njia nzima, na vumbi la kutosha kupanda mchicha masikioni. Kubalianeni bei ya kwenda na kurudi kabla hamjawasha pikipiki. Mimi nilikubaliana ya kwenda tu. Kule mwisho wa kisiwa, bodaboda ni yeye peke yake, bei ya kurudi akaipanga anavyotaka.

Bi Karafuu
@Tairi Upara 😂😂 pole.
Nimesahau: anayefuata papa potwe aje kati ya Oktoba na Machi, na akodi boti Kilindoni. Wanaonekana upande ule, si Utende. Mimi nilijua nikiwa nimeshalipia chumba Utende.

Soga za Gatini
@Mwana wa Pondo, mkuu, Desemba namleta mama mkwe, magoti yanamsumbua. Anataka kuona popo wa Chole. Kivuko cha Utende ataweza?

Mwana wa Pondo
Ataweza. Maji yakijaa, mashua inasogea karibu, anakanyaga maji ya kifundo cha mguu tu. Yakikupwa, ni kutembea topeni na mwamba unachoma, huko usimpeleke. Akishavuka, Chole hakuna gari, ila kisiwa ni kidogo na popo hawako mbali. Mletee kiti cha plastiki cha kukalia mashuani, ubao wetu ni mgumu. Jibondo nitamwomba asiende. Kile ni kisiwa kingine, na botini abiria mnakalia madumu.

Soga za Gatini
Kiti kipo. Nitakuuliza maji, sio saa.